Kimya Katika Nyumba ya Dobi

Sogeeni karibu, wenye nyumba na mnaotarajia kuwa na nyumba, maana haya yanawahusu. Nawaletea habari ya dobi mmoja, mkewe, na mama mzazi wa huyo dobi. Hawakuwa walevi, hawakuwa wezi, na mlango wao haukujua kugongwa na askari. Walinuniana tu. Naona wengine mnatabasamu. Kununiana ni jambo dogo, mtasema, kila nyumba ina siku zake. Haya, ngojeni tufike mbele.

Zamani, asubuhi katika nyumba ile ilianza na harufu ya sabuni na ya shuka zenye joto. Mbele kulikuwa na chumba cha kupokelea nguo, na kaunta iliyosuguliwa na viwiko vya wateja mpaka rangi ikaondoka ikabaki mbao tupu, laini kama shavu la mtoto. Nyuma yake chumba cha kufulia, chenye mashine mbili kubwa za matumbo ya duara. Pembeni ilikaa rola ya kunyooshea shuka. Mwisho kabisa, nyuma ya mlango wa bati, kilikuwa chumba cha boila. Huko ndiko mvuke ulikotoka. Ulipita kwenye mabomba yaliyoviringishwa matambara, ukachemsha maji, ukapasha rola, ukatia joto pasi kubwa ya mke wa Dobi.

Mke huyo wateja walimwita Mama Mikunjo. Suruali ikipita mikononi mwake, walisema, mkunjo wake unaweza kukatia nyanya. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Mama mkwe wake alikuwa na magoti yaliyouma wakati wa baridi, kwa hiyo alikuwa na kiti chake ndani ya chumba cha boila, kwenye kona yenye joto. Hapo aliketi akishona vifungo vilivyong'oka, akisikiliza mabomba.

Boila ile ilikuwa ya kutumia gesi, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na kuiwasha ilikuwa kazi ya marehemu baba yake Dobi. Dobi hakusahau siku aliyofundishwa kuiwasha. Ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kumtoka na alijiona anajua kila kitu.

"Usifikiri hili ni jiko," mzee alimwambia. "Jiko unalitia kiberiti, linawaka, basi. Huyu ni Bi Harusi. Hatoki ndani mpaka kila mtu awe mahali pake."

Kisha akamweleza polepole, akigusa kila kifaa kwa ncha ya bisibisi. Mvuke ukipungua, saa ya mvuke, ile inayopima nguvu yake, inaita moto. Lakini moto hauji papo hapo. Kwanza feni inazunguka na kupuliza tumbo lote la boila, ili kama kuna gesi iliyobaki humo itoke yote kwenye bomba la moshi.

"Anapepewa," mzee alisema.

"Na boila inajuaje kwamba feni inapuliza kweli?"

"Swali zuri, leo umeamka na akili. Tazama hapa." Alimwonyesha swichi ndogo yenye ngozi nyembamba ndani, iliyoungwa kwa kibomba cha mpira. Upepo ukiwa wa kutosha, ngozi inasukumwa na swichi inalia, tik. Kisanduku cha kuongozea moto kinapata habari. Bila ile tik, hakuna kinachosogea.

Baada ya upepo, cheche. Baada ya cheche, valvu ndogo ya gesi inafunguka na moto mdogo unashika, kama wa mshumaa ila ni wa bluu. Kuna jicho la moto linalotazama hapo. Likiuona ule moto mdogo, ndipo valvu kubwa inafunguka na moto mkubwa unaingia kwa mvumo. Lisipouona, valvu zinafungwa zote, taa nyekundu inawaka, na Bi Harusi ananyamaza mpaka mtu aje.

"Na huyo mtu akija afanye nini?" mzee akauliza.

"Abonyeze kitufe, iwake tena."

"Kwa nini asijiulize kwanza imezimwa na nini?"

Dobi alicheka. Mzee hakucheka. Alimwacha ajiulize.

Mzee huyo alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwingine. Hakuwasha boila peke yake hata siku moja. Yeye alisimama kwenye kitufe, mkewe akasimama kwenye kitundu cha kioo cha kuchungulia moto, na wakaitikiana kwa sauti.

"Upepo?"

"Upo."

"Cheche?"

"Naisikia."

"Moto mdogo?"

"Nauona."

"Mkubwa?"

"Umeingia, bwana, hujambo."

Watu waliopita barabarani walisikia na kuwatania. Wale wawili, walisema, hawakumaliza kuchumbiana, wanaendelea kwa boila. Mzee alijibu kwamba mtu mmoja anaweza kudanganywa na macho yake, lakini wawili watabishana, na katika kubishana gesi haitapata nafasi.

Dobi alipooa, mama yake akamwachia mkwe kitundu cha kuchungulia. Mama Mikunjo naye akatia chumvi yake.

"Moto mdogo?" Dobi anauliza.

"Nauona. Umevaa bluu, umependeza kuliko wewe."

"Mkubwa?"

"Umeingia kwa fujo kama shemeji zako."

Mama mtu kwenye kiti chake anacheka mpaka sindano inamchoma. Mvuke ulipokuwa unapanda, mzee na mkwe wake walikaa pamoja kwenye benchi la mbao nje ya mlango wa bati, wanakunywa chai na kuwasema wateja. Kabla mzee hajafa, alimwambia mkwe, "Hili benchi ni lako. Siku nisipokuwepo, ukae katikati, ujidai." Alisema wakiwa wawili tu. Dobi hakuwapo.

Mzee akaenda zake. Miaka ikapita vizuri. Nawaambia vizuri, maana watu wengi hawaujui utulivu mpaka uwe umeshaondoka. Asubuhi watu watatu, chai, mvuke, sauti za kuitikiana. Ukiuliza walikuwa wanafurahia nini, wasingekuwa na jibu.

Sasa ndipo tunafika.

Dobi alileta mashine ya kukaushia nguo, na nafasi ikawa finyu. Benchi likawa linamgonga ugoko kila akipita. Siku moja seremala wa jirani akapita akitafuta mbao ngumu, na Dobi akampa lile benchi. Hata kushukuriwa hakungoja. Mkewe alipotoka na kikombe chake cha chai, alisimama pale penye uwazi.

"Benchi liko wapi?"

"Lile gogo? Nimempa seremala."

"Umempa?"

"Limeliwa na mchwa lile."

"Halikuwa na mchwa. Ungeniuliza."

Kwenye kaunta palikuwa na mteja, dereva wa teksi aliyekuja kuchukua mashati. Dobi alimtazama yule mteja, akamtazama mkewe, akataka kuonekana mwanamume. "Sasa nikuulize kila kipande cha mti? Kesho nitakuuliza na kuni."

Dereva akacheka. Mama Mikunjo akaweka kikombe chini, akaingia ndani kupiga pasi. Jioni Dobi alimsemesha, hakujibiwa. Naye akasema moyoni, sawa, tuone nani atachoka.

Wote wawili walikuwa na nguvu nyingi, kwa bahati mbaya.

Siku zikawa wiki. Chakula kilipikwa, kitanda kilitandikwa, nguo zilifuliwa, na hakuna neno lililopita kati yao isipokuwa kupitia kwa mama. Wako chumba kimoja, hatua chache tu, lakini utasikia, "Mama, mwambie mwanao chai ipo mezani." Na huku, "Mama, mwambie mkweo sabuni ya unga inakwisha." Mama anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mchezo wa mpira.

"Amesema sabuni inakwisha," anasema mama.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia. Na mimi nimesikia. Na jirani naye amesikia."

Hakuna aliyecheka.

Wakati ule Dobi alianza kuwasha boila peke yake. Alibonyeza kitufe kisha akakimbia kuchungulia. Mkewe aliusikia ule mwendo wake wa mbio kutoka kwenye meza ya pasi. Alitaka kwenda, alikiri baadaye. Alingoja aitwe. Dobi naye kila alipofika kwenye kitundu alihisi ukubwa wa kile chumba, akakumbuka sauti ya mkewe ikisema bluu imependeza.

Kuna jambo jingine. Penye nguo nyingi kuna nyuzinyuzi na vumbi la nguo, laini kama manyoya ya kifaranga, na lile vumbi linapenda feni. Feni ya boila ilikuwa na wavu wa kuvutia hewa, na kuupiga wavu ule brashi ilikuwa kazi ya Mama Mikunjo tangu alipoolewa. Aliacha. Alijisemea, mwenye boila ataona, na akiona atasema. Dobi aliona. Akajisemea, kazi yake anaijua, nikimwambia itakuwa nimeshindwa. Hivyo vumbi likajaa mpaka wavu ukaonekana umevikwa blanketi, na kila mmoja alipita hapo akilitazama na kuliacha limshitaki mwenzake.

Feni ikakosa pumzi. Ile swichi ya upepo ikaacha kulia tik. Kisanduku kikafanya kama kilivyoumbwa kufanya, kikakataa kuendelea. Taa nyekundu ikawaka. Dobi akabonyeza, ikawaka tena. Shuka za wodi ya wazazi zilikuwa zinangoja, na mtu wa hospitali alikuwa amesimama kwenye kaunta akipiga vidole.

Dobi akafungua kifuniko. Alijua kabisa ni wavu. Angeweza kuupiga brashi. Lakini kuupiga brashi mwenyewe, mbele ya mkewe, aliona ni kama kupiga magoti. Akachukua kipande cha waya, akakiunga kwenye ncha mbili za swichi ya upepo, ili kisanduku kiamini upepo upo hata kama haupo. Akajiambia ni kwa leo tu. Bi Harusi akawaka. Moto ulikuwa wa njano, wenye masizi, ukakipaka weusi kioo cha kitundu, lakini uliwaka.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Ule waya ulikaa. Na mama, ambaye aliisikiliza boila kama wengine wanavyosikiliza redio, alisema siku moja kwa wote wawili, "Huyu ananung'unika kama nyinyi." Kisha akaweka shati alilokuwa analishona mapajani. "Wanangu, mimi nilizoea kuamka nikisikia watu wanasemezana. Magoti yananiuma, macho yamepungua, masikio ndiyo niliyobakiwa nayo, na hamna mnachoyapa. Gombaneni basi. Gombaneni kwa sauti, nisikie."

Dobi akatazama sakafu. Mkewe akageuza shuka upande wa pili.

"Basi," mama akasema, "kuanzia leo sichukui ujumbe wa mtu. Mimi si posta."

Kesho yake asubuhi Dobi aliingia kwenye chumba cha boila, akasikia feni inavuma kwa uzito lakini haizunguki. Kwa kuchoka kuvuta hewa kwenye lile blanketi la vumbi, ilikuwa imeunguza kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa nguvu ya kuanza kuzunguka. Akazima swichi kuu ya boila. Akafungua kapasita, akaitia mfukoni, aende kutafuta nyingine. Koki ya gesi hakuifunga. Waya hakuutoa. Alijua atarudi muda si mrefu.

Alipotoka, mkewe alikuwa anakunja taulo, amempa mgongo. Mama alikuwa anatoka jikoni.

"Mama, mwambie mkweo asi..."

Mama akainua kiganja. "Mdomo unao."

Mikono ya Mama Mikunjo ikasimama juu ya taulo. Dobi aliuona ule mgongo umetulia, unasubiri. Ndugu zangu, hapo palikuwa pa maneno machache kabisa. Usiwashe, feni imekufa. Mtoto angeweza kuyasema. Yalifika mpaka kwenye meno yake. Kisha akawaza, akitaka kujua si ataniuliza, akavaa viatu akaenda.

Muuza vifaa vya umeme alikuwa mzee wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Aliigeuza ile kapasita kwenye mwanga.

"Hii imevimba kama mtu aliyekula harusi mbili. Ni ya feni ya boila?"

"Ndiyo."

"Gesi umefunga?"

"Nimezima swichi."

"Nimekuuliza gesi, wewe unanijibu swichi. Na nyumbani umewaambia wasiguse?"

Alisema hivyo huku anapekua sanduku, bila ubaya, kama anavyomwambia kila mtu.  Ndipo Dobi akauona ule waya akilini, wazi kama ameushika. Feni haizunguki, lakini kisanduku hakitajua. Kitaambiwa upepo upo. Kitatoa cheche, kitafungua gesi, moto usiposhika kitafunga, na ile gesi kidogo iliyotoka haitafukuzwa na kitu. Mtu akibonyeza tena, itaongezeka nyingine juu yake. Na kwenye kona, kiti cha mama.

Akatoa simu akampigia mkewe. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, safari hii ikanyamazishwa.

"Pokea," alisema kwa sauti ndogo. "Pokea, mke wangu."

"Kapasita yako hii hapa," muuzaji akasema, lakini Dobi alikuwa ameshatoka.

Yaliyotokea nyumbani, mkewe aliyasimulia mwenyewe, mara nyingi, bila kujipendelea. Mtu wa hospitali alikuja tena, anataka shuka, wodi imejaa. Mama Mikunjo akaenda kwenye boila akakuta swichi imezimwa. Akasema moyoni, ameondoka makusudi bila kuwasha, ili wateja wanione mimi sifai. Akaiwasha swichi.

"Unawasha peke yako?" mama akamwuliza kutoka kwenye kiti.

"Nani wa kuniitikia, mama?"

"Mimi nipo. Hapo kwenye kitundu nilisimama kabla wewe hujazaliwa." Akainuka kwa kushikilia ukuta, akafurahi kama msichana, akaweka jicho kwenye kioo cheusi. "Haya, uliza."

"Upepo?"

Mama akasikiliza. Chumba cha pili mashine ya kufulia ilikuwa inakamua, inatikisa sakafu. "Nasikia mvumo. Lakini si ule wetu."

"Ni mashine ile inapiga kelele. Taa ya upepo hapa kwenye kisanduku imewaka, mama, naiona."

Na kweli ilikuwa imewaka. Waya ulikuwa unasema uongo wake.

Cheche zikalia, moto haukushika, taa nyekundu. Simu ikaita juu ya meza ya pasi. Mama Mikunjo alitoka akaona ni nani, akairudisha, akarudi kwenye kitufe. Akabonyeza tena. Cheche, taa nyekundu. Simu ikaita tena, akatoka, akainyamazisha na kuilaza kifudifudi.

"Si anitafute, sasa kwa nini anapiga simu," alimwambia mama. "Wiki ngapi nipo hapa hapa?"

"Ungeipokea, mwanangu."

"Aje aseme usoni."

Akabonyeza tena. Mama alisema, "Mbona nasikia harufu..." na hakumaliza.

Dobi alikuwa amefika kwenye kona ya mtaa wao. Aliposimulia alisema haikulia kama bomu la kwenye sinema. Ililia kama mlango mzito uliofungwa kwa hasira chini ya ardhi, kisha vioo vikaanguka, na baada ya hapo kimya. Alikimbilia kwanza koki ya gesi ukutani nje, akaifunga kwa mikono miwili. Mlango wa bati ulikuwa umelala uani. Ndani ya moshi alimwona mkewe, nyusi zimeungua, anamburuta mama kwa kwapa.

"Funga gesi," mkewe akamwambia.

"Nimeshafunga. Niachie kichwa, wewe shika miguu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya kwanza tangu siku ya benchi. Kwenye gari la jirani waliendelea kusema, mkono wake uinue, mpe hewa, mama, mama unatusikia. Mama alikuwa amefumbua macho, anawatazama mmoja baada ya mwingine, wala hajibu.

Mkono na shavu lake viliungua, na vikapona, kovu likabaki kama ramani ndogo chini ya jicho. Masikio hayakupona. Daktari alimpigia kengele ndogo nyuma ya kichwa, akapiga makofi, mwishowe akawatazama wale wawili na kutikisa kichwa.

Fundi wa gesi alipokuja kukagua, alikwangua masizi, akafungua swichi ya upepo, akatoa kile kipande cha waya akakishika kwa vidole viwili.

"Nani alifunga hiki?"

"Mimi," akasema Dobi.

"Na nani alibonyeza baada ya taa nyekundu?"

"Mimi," akasema mkewe.

"Kila mmoja wenu kwa upande wake alifanya nusu," fundi alisema. "Nusu yako peke yake ingekupa masizi. Nusu yako, mama, peke yake ingekupa taa nyekundu mpaka uchoke. Mngekutana kwa maneno mapema, mngecheka." Kisha akaomba maji ya kunawa.

Ilichukua muda mrefu mpaka Dobi afungue tena. Sasa pale pana boila nyingine, ndogo, yenye ukali zaidi. Ukiunga waya kwenye swichi yake inagundua na kukataa kuanza. Wavu wa feni husafishwa na yeyote atakayeuona wa kwanza. Na wale wawili wanaongea. Wanaongea kutwa, mpaka wateja wanawashangaa: niletee kibanio, nimekiweka pale, chumvi ilizidi jana, hapana wewe ulimi wako ndio umezidi, njoo uone hili doa, hili doa ni la siasa halitoki. Wakikosana asubuhi, wanamalizana kabla maji hayajachemka.

Mama kiti chake kimehamia mbele, karibu na kaunta. Hataki tena kukaa kwenye boila. Anasema huko kumepoa, ingawa si kweli. Vifungo bado anashona. Na anawatazama midomo.

Siku moja Mama Mikunjo alisema neno juu ya shati la mchungaji, Dobi akacheka mpaka akashika kaunta. Mama akamvuta mwanawe mkono wa shati.

"Amesema nini?"

Dobi akainama akarudia karibu na sikio lake. Mama akatikisa kichwa. Akarudia kwa nguvu, wateja wakageuka. Mkewe akaja akajaribu kwa mikono, akaonyesha kola, akaonyesha tumbo la mchungaji. Mama alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akacheka, baada yao wote, cheko la adabu la mtu ambaye hakuambulia kitu, akampigapiga mwanawe mkono kama kumwambia, usijali, endeleeni.

Dobi akaenda nyuma, akasimama kati ya shuka zilizoanikwa mpaka mkewe alipomfuata.

MAFUNZO

Haya ndiyo ninayotaka mwondoke nayo. Kununiana si adhabu unayompa mwenzako peke yake. Nyumba inaishi kwa habari ndogondogo, feni imekufa, jiko limezimwa, mtoto ana homa, na habari hizo hazichagui siku mliyopatana. Ukiufunga mdomo kwa sababu ya benchi, umeufunga na kwa habari ya gesi, na anayeumia anaweza kuwa yule ambaye hakuwamo kwenye ugomvi wenu.

Chombo kikizimika chenyewe na taa nyekundu ikawaka, kinakuomba ujue sababu. Usikizibe mdomo kwa waya, wala usikibonyeze mpaka kikutii. Funga gesi, ita fundi, na uwaambie wote waliomo ndani, hata yule uliyemkasirikia. Yeye mwambie wa kwanza.

Na kama katika nyumba yako kuna mtu hujasema naye tangu juzi, inuka hapo ulipo sasa hivi. Nenda ukamwambie lolote, hata kwamba maji yamechemka. Nenda wakati masikio yake bado yanakusikia.